Figo za Mwanachama na Wajibu wa Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kasansa)



Katika ghala la chama hakuna kazi inayodai uaminifu kuliko ile ya mpima mizani. Gunia likifika mlangoni hupimwa na kuchunguzwa. Mpunga safi hupokelewa, mapepe na mchanga hutengwa. Mpima mizani akizembea siku moja, hasara haionekani jioni ile. Huonekana mwisho wa msimu, hesabu zinapofungwa, na hapo hakuna awezaye kuirudisha.

Figo ndizo wapima mizani wa mwili wa binadamu. Ni mbili, kila moja ina ukubwa upatao ngumi ya mwenyewe, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, upande huu na upande huu wa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha maji ya damu yapatayo lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini pamoja na chumvi na sukari inayohitajika. Kinachotoka ni mkojo wa lita moja hadi mbili, uliobeba taka za chakula na za kazi ya misuli. Zaidi ya hayo figo husawazisha shinikizo la damu, huamuru mifupa itengeneze chembe nyekundu za damu, na huitayarisha vitamini D ili mifupa iwe imara. Ndiyo maana mtu ambaye figo zake zimechoka huishiwa damu, huvimba miguu na uso, hupanda shinikizo, na hukosa nguvu hata ya kuinua jembe.

Jambo la kutisha ni kwamba figo hazilalamiki mapema. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akilima, akicheka na kuhudhuria mikutano kama kawaida. Dalili zinapojitokeza waziwazi, yaani kichefuchefu, kuwashwa mwili, pumzi kukatika usiku na mkojo kupungua, mara nyingi sehemu kubwa ya mali imekwisha potea ghalani.

Mfano wa familia moja

Na ichukuliwe kwa mfano familia moja ya mkulima wa mpunga katika bonde hili la Ziwa Rukwa. Mume ana umri wa miaka 45, ana majaruba ya kutosha, hisa zake katika chama zimelipwa zote. Miaka sita iliyopita alipimwa zahanati akaambiwa ana shinikizo la damu. Alipewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, akajiona mzima, akaviacha. Kila msimu wa palizi, mgongo ulipomuuma, alinunua dukani vidonge vya kutuliza maumivu na kuvimeza asubuhi na jioni ili aweze kurudi shambani. Msimu uliopita alivimba. Wazee walisema amerogwa. Majuma matatu yakapita kwa mganga, akinywa mizizi iliyochemshwa. Alipofikishwa hospitali Mpanda, damu ikapimwa, jibu likawa kwamba figo zote mbili zimeshindwa na kwamba anahitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Siku ya nne mkewe alisimama mbele ya kamati ya chama. Hakuomba mengi. Aliuliza swali moja: je, auze majaruba?

Kila chama cha msingi katika mkoa huu wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, kinaweza kuulizwa swali hilo siku yoyote. Chama kisichojiandaa hakitakuwa na jibu. Kitachangisha fedha kidogo, kitatoa pole, na baada ya miezi michache kitakuwa kimempoteza mwanachama, shamba lake na mkopo wake wa pembejeo kwa pamoja.

Mashine na hesabu yake

Mashine ya kusafisha damu ni kazi ya binadamu ya karne iliyopita. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi aliitengeneza ya kwanza iliyofaa mwaka 1943, wakati wa vita, kwa vifaa alivyoweza kuvipata; mgonjwa wake wa kwanza kuokoka alipatikana mwaka 1945. Lakini kwa miaka mingi mashine ilimsaidia tu mtu ambaye figo zake zingepona zenyewe, kwa kuwa kila mara mishipa ilitobolewa na kuharibika. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, ilipatikana njia ya kuacha mrija mkononi mwa mgonjwa, na mwaka 1966 madaktari wa New York wakaeleza namna ya kuunganisha mshipa wa ateri na mshipa wa vena chini ya ngozi ya mkono. Tangu hapo mtu asiye na figo zinazofanya kazi aliweza kuishi miaka mingi.

Kazi yenyewe ni kama ifuatavyo. Damu hutolewa mkononi kwa sindano na mrija, hupitishwa katika chujio lenye nyuzi nyembamba maelfu kwa maelfu, taka na maji ya ziada huhamia katika maji maalumu upande wa pili wa nyuzi hizo, na damu iliyosafika hurudi mwilini. Shughuli hiyo huchukua kama saa nne, na kwa kawaida hurudiwa mara tatu kwa juma. Haiponyi figo, inafanya sehemu tu ya kazi yake. Asiyepata figo ya kupandikizwa huihitaji maisha yake yote.

Katibu ajuaye kalamu na aandike hesabu hii. Mara tatu kwa juma ni mara 156 kwa mwaka, na saa nne kila mara ni saa 624. Kisha azidishe 156 kwa bei itakayotajwa dirishani, aongeze nauli, chakula na malazi ya mgonjwa na anayemwuguza. Hakuna jaruba la Kasansa linalolipa hesabu hiyo kwa miaka mingi. Majaruba yote yakiuzwa, yatanunua miezi. Na miezi ikiisha, watoto hawana shamba wala baba.

Huduma hii hutolewa katika hospitali kubwa za nchi, zikiwamo Muhimbili mjini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza, Benjamin Mkapa mjini Dodoma, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Idadi ya hospitali zenye mashine imekuwa ikiongezeka. Kwa hiyo mgonjwa aulize kwanza hospitali ya mkoa ni kituo gani kilicho karibu na kina nafasi. Hata hivyo mtu wa Kasansa hawezi kwenda na kurudi mara tatu kila juma hadi Mbeya kwa barabara ya Muze na Ilemba, wala kwa kupitia Sumbawanga. Analazimika kuhamia karibu na mashine. Ndiyo kusema ugonjwa wa figo humwondoa mwanachama katika chama hata kabla haujamwondoa duniani.

Njia nyingine ni kupandikizwa figo ya ndugu aliye hai. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, Desemba 1954, baina ya ndugu mapacha waliofanana. Kwa miaka mingi Watanzania waliohitaji tiba hiyo walipelekwa nje, hasa India. Novemba 2017 upandikizaji wa kwanza nchini ulifanyika Muhimbili, na mwaka 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa ikafuata. Ndugu mwenye afya njema anayetoa figo moja huweza kuishi vizuri kwa ile iliyobaki, lakini hupimwa kwa makini kwanza, na hutoa kwa hiari yake. Figo haiuzwi. Naye aliyepandikizwa humeza dawa kila siku, maisha yote, ili mwili usiikatae figo ngeni.

Kuzilinda figo

Kwa kuwa tiba ni ya mbali na ya gharama, hekima iko katika kinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa figo unajulikana.

Kwanza, shinikizo la damu na kisukari. Hayo mawili ndiyo maadui wakubwa wa figo duniani kote. Shinikizo haliumi, mtu hulijua kwa kupimwa tu. Likifika 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vilivyorudiwa, daktari asikilizwe, na vidonge visiachwe kwa sababu mtu amejiona mzima. Amejiona mzima kwa kuwa anavimeza. Chumvi ipunguzwe, mtu mzima hapaswi kupita gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wakavu.

Pili, vidonge vya maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini na jamaa zao hupunguza damu inayoingia katika figo. Kuvimeza siku mbili tatu kwa ushauri wa daktari ni jambo moja. Kuvifanya kuwa chakula cha msimu wa palizi ni jambo jingine. Hatari huzidi pale mkulima anapovimeza huku amekaukiwa maji juani, au ana shinikizo la damu, au ni mzee. Mizizi na majani yasiyojulikana kipimo chake yanaweza pia kuziua figo kwa siku chache.

Tatu, maji. Bonde hili ni la joto, na mtu anayelima tangu alfajiri hupoteza maji mengi kwa jasho. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mwili unalalamika. Dumu la maji safi liende shambani pamoja na jembe, na saa za jua kali ziwe za kupumzika kivulini.

Nne, kichocho. Minyoo yake hukaa katika maji yaliyotulia yenye konokono, nayo majaruba na mifereji ni mahali panapowafaa. Kijana anayekojoa damu asiambiwe kwamba anakomaa. Kichocho cha kibofu kikiachwa miaka huziba njia ya mkojo, na mkojo uliozuiwa huziharibu figo kwa kurudi nyuma. Dawa yake ipo, ni vidonge vya prazikwanteli. Wazee watakumbuka kwamba kichocho kilikuwa miongoni mwa masomo ya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, wakati vikundi vijijini vilipokusanyika kuzunguka redio. Somo lile halijapitwa na wakati.

Tano, sumu. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu huingia mwilini kwa mvuke na kuziumiza figo. Vivyo hivyo baadhi ya mafuta ya kuchubua ngozi yenye zebaki. Viuatilifu vipulizwe kwa kinga, na makopo yake yasichotewe maji.

Sita, wazee wa kiume ambao mkojo unatoka kwa shida, na kina mama waliopata shinikizo wakati wa ujauzito, wasione haya kwenda kupimwa. Na yeyote aliye na shinikizo, kisukari, virusi vya UKIMWI, au ndugu wa damu aliyeugua figo, apimwe mara moja kwa mwaka: mkojo ili kuona kama una protini, na damu ili kuona kiasi cha kreatinini. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, dawa na mwenendo mwema huweza kuuchelewesha kwa miaka mingi.

Kuishi na mashine

Aliyekwisha fikia mashine hajafikia kaburi. Wapo wanaoishi miaka mingi, wakafanya kazi, wakalea watoto. Lakini maisha yake yana sheria, na waliomzunguka hapana budi wazijue.

Sheria ya kwanza ni maji. Kwa kawaida huruhusiwa nusu lita kwa siku, na juu yake kiasi sawa na mkojo anaoutoa. Uji, chai, mchuzi na barafu vyote ni maji. Akizidisha, maji hujaa mapafuni naye hushindwa kupumua. Chumvi huleta kiu, kwa hiyo anayetaka kushinda kiu aanze na chumvi. Mgeni anayemtembelea asimlazimishe kunywa kwa adabu ya ukarimu.

Sheria ya pili ni chakula. Madini ya potasiamu yakizidi katika damu yanaweza kuusimamisha moyo bila onyo. Madafu, ndizi, machungwa, parachichi, nyanya, viazi na maharage vina potasiamu nyingi. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe katika maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Wali na ugali wa sembe vinamfaa zaidi kuliko dona. Soda nyeusi, maziwa mengi na dagaa huongeza fosforasi inayodhoofisha mifupa. Lakini asinyimwe yai, kuku au samaki mbichi kwa kiasi, kwa kuwa mashine humpunguzia protini. Kiasi halisi hupangwa na wauguzi wake kwa vipimo vya damu.

Sheria ya tatu ni mkono. Mkono wenye mshipa uliounganishwa ndio mlango wa uhai wake. Usifungwe kipimo cha shinikizo, usichomwe sindano nyingine, usilaliwe, usibebe gunia. Kila asubuhi aguse asikie mtetemo. Ukikosekana, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye mrija shingoni auweke mkavu na safi, na homa yoyote aione kuwa ya haraka.

Sheria ya nne ni kutokukosa zamu. Kuruka siku moja kwa ajili ya msiba au mavuno kunaweza kuwa kuruka kwa mwisho.

Tena upo uchovu wa moyo. Mtu aliyekuwa nguzo ya nyumba anajiona mzigo, ananyamaza, anakataa chakula. Maneno ya kwamba amelogwa au amelaaniwa humwongezea ugonjwa wa pili. Na wapo wazee au wagonjwa wenye maradhi mengine mazito ambao, baada ya kushauriana na daktari na jamaa zao, huchagua kutokwenda kwenye mashine, au kuiacha, na kutunzwa nyumbani kwa dawa za kupunguza maumivu na pumzi fupi. Uamuzi huo ni wa mgonjwa mwenyewe. Usidharauliwe, wala asilazimishwe kuuza kila kitu ili watu wengine waonekane wamefanya juhudi.

Jibu la chama

Yule mama bado amesimama mbele ya kamati. Kamati yenye busara haitamwahidi mara 156 kwa mwaka, kwa kuwa fedha za chama ni za wanachama wote na masharti hayaruhusu kamati kuzigawa kwa huruma. Wala haitamwambia kwamba jambo hilo halihusu ushirika. Itamwambia asiuze majaruba, na itamwonyesha kwa nini.

Majaruba yake yanaweza kulimwa na kuvunwa na wenzake kwa zamu, mpunga ukaingia ghalani kwa jina lake, na malipo yakamfikia yeye aliye karibu na mashine. Mkopo wake wa pembejeo unaweza kupangiwa muda mpya kwa uamuzi ulioandikwa katika muhtasari. Katibu anaweza kumsaidia kukusanya karatasi za rufaa, za ustawi wa jamii na za bima, kwa kuwa mkulima mgonjwa hushindwa na madirisha kabla hajashindwa na ugonjwa. Naye akirudisha nguvu, kalamu na daftari la mapokezi havihitaji mgongo wa kubeba gunia. Yote hayo yafanywe kwa siri inayostahili. Ugonjwa wa mwanachama si habari ya kilabuni.

Lakini jibu lililo kubwa zaidi hutolewa kabla mama huyo hajafika. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, umekuwa ukigharimia usafishaji wa damu kwa wanachama wake, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Si kila kadi ya bima hufika hadi kwenye mashine. Kwa hiyo kila katibu aulize kwa maandishi kadi za wanachama wake zinafika wapi, na majibu yasomwe mkutanoni. Bima hukatwa baada ya mavuno, fedha ikiwa mkononi na mwili ukiwa mzima. Anayengoja avimbe amechelewa.

Kwa kufunga, inapendekezwa kwamba kila chama cha msingi kiweke katika ajenda ya mkutano mkuu ujao mambo matatu: kuwaalika wauguzi wa kituo cha afya kilicho karibu ili wapime shinikizo na mkojo wa kila mwanachama siku ile ile ya mkutano, kuamua makato ya bima yatakavyofanywa katika malipo ya mpunga na ufuta, na kuandika katika masharti madogo ya chama jinsi shamba la mwanachama mgonjwa litakavyotunzwa. Mambo hayo hayahitaji mtaalamu kutoka mbali. Yanahitaji saa moja ya mkutano, kipimo cha mkono, na katibu atakayeandika majina ya wasiofika ili awafuate nyumbani.